Wanaosema Theluji Si Yetu

Kila mwaka, saa zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, wengi wetu tunaozungumza Kiswahili na kuishi Uingereza tunajifungia. Kazini, kituo cha basi, dukani, nyumbani, hivyo hivyo hadi Aprili. Mwambie mtu kwamba theluji imeanguka usiku na asubuhi ya leo ni nzuri kwa kupanda kilima, atakupa sababu kadhaa za kubaki ndani. Sababu hizo nazijua, na siziiti visingizio, maana baadhi zina ukweli. Lakini zikiachwa bila majibu zinatunyima karibu nusu ya mwaka, na ndani ya nusu hiyo zimo siku chache zinazoishinda siku yoyote ya Julai. Nitazijibu nikiwa na vilima vya Pentland akilini, vile vinavyoanzia pale mji wa Edinburgh unapoishia upande wa kusini, kwa kuwa ndivyo ninavyovijua.

Kauli inayotangulia zote ni kwamba theluji ni ya wazungu. Kauli hii ina historia ndefu, na aliyeipigania zaidi hakuwa mmoja wetu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro ukiwa mweupe kileleni, akaandika kwamba weupe ule ni theluji. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata, akisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliendelea kukataa kwa miaka, huku Wachaga waliokuwa wakilima migomba chini ya mlima ule ule wakiiona theluji kila mawingu yalipofunguka. Ubishi ulianza kuzimika pale msafara wa von der Decken ulipofika mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1860. Leo anayesema theluji na Mwafrika havikutani anarudia, bila kujua, kosa la bwana yule wa London.

Wanaoijua theluji ya Kilimanjaro kuliko watu wote duniani ni waongozaji na wapagazi wa Marangu, Machame na Moshi mjini. Waongozaji hao huondoka kambi ya mwisho usiku wa manane kuelekea mita 5,895, baridi ikiwa nyuzi nyingi chini ya sifuri, na bado hupata nguvu ya kumtia moyo mgeni anayelia njiani. Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, una barafu yake kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109. Barafu ya milima yetu yote inayeyuka, na hilo linaniuma, lakini halifuti ukweli kwamba tulikuwa nayo kabla hatujapanda ndege kuja huku. Hata mbali na vilele hivyo, mkulima wa Makete au Njombe huamka Julai akakuta jalidi imekaa juu ya majani ya viazi.

Halafu yuko Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji ambaye hakuwa ameigusa theluji hadi alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwa ski. Miaka miwili baadaye alishiriki mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyeshinda dhahabu, akamsubiri mwishoni mwa njia ili ampokee. Wengi hukumbuka kumbatio lile tu. Mimi hukumbuka pia kwamba Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002, kisha 2006. Mtu harudi mara tatu mahali asipopapenda.

Chini ya kauli hii ya kwamba theluji ni ya wazungu kuna jambo lingine, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kule vilimani hatuonekani, na tukienda tutatazamwa. Hilo silipuuzi. Ni kweli kwamba unaweza kutembea mchana kutwa bila kukutana na uso mweusi. Lakini sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita milimani na mashambani, mradi apite kwa uangalifu, na haimuulizi amezaliwa wapi. Huko England, Rhiane Fatinikun alianzisha kundi la Black Girls Hike mwaka 2019 kwa sababu ya upweke huu huu, na wanawake wengi wamemfuata. Watatu au wanne wakianza, wa tano hatajiona mgeni. Pia niseme nilichokiona mwenyewe: kwenye kilima chenye theluji watu husalimiana. Mtu ambaye mjini angepita bila kukutazama, kule husimama, akakuuliza umetokea upande gani na theluji ya huko juu ina kina gani. Sisi tuliolelewa na salamu tunapaswa kujisikia nyumbani mahali kama hapo.

Hoja ya pili ni ya mama zetu: utapigwa na baridi, utapata nimonia. Hofu hii tumeinyonya tangu utotoni, tulipovalishwa sweta na kofia ya sufu kwa sababu ya manyunyu ya asubuhi. Mafua huletwa na virusi, na nimonia huletwa na vijidudu, si na kilima. Virusi hivyo hupita kwa urahisi zaidi chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa na watu kumi wakipumua hewa ile ile, kuliko mlimani penye upepo. Aliyekaa sebuleni majira yote ya baridi hajajikinga na mafua.

Wapo, hata hivyo, ambao kwao baridi ni adui wa kweli, na hapa sitaki mtu anisikilize nusunusu. Mwenye selimundu ajue kwamba baridi, kukosa maji mwilini na kuchoka kupita kiasi ni mambo matatu yanayoweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, na kilima cha theluji huyaleta yote matatu kwa wakati mmoja. Mwenye pumu anaweza kubanwa na hewa baridi na kavu. Mwenye ugonjwa wa moyo azungumze na daktari wake kwanza. Na sisi wengine, tulio wazima, tuna sababu ya kuwa makini kuliko majirani zetu: tafiti zilizofanywa katika jeshi la Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi vidoleni na miguuni mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe waliokuwa mahali pamoja nao. Majeraha hayo mara nyingi huwapata waliokaa na miguu iliyolowa kwa saa nyingi. Kwa hiyo glavu zako ziwe nene kuliko za rafiki yako Mskoti, beba jozi ya pili pamoja na soksi kavu, na kidole kikianza kufa ganzi usikiambie kivumilie. Simama, kipashe joto kwapani, kisha amua kama safari inaendelea. Huku ndiko kuijua miili yetu, na mtu anayeujua mwili wake huenda mbali zaidi.

Kinachowatesa wengi wanaojaribu mara moja na kuapa kutorudi ni mavazi kuliko hali ya hewa. Huvaa suruali ya jinzi, fulana ya pamba na koti moja zito juu yake. Kupanda kunatoa jasho, pamba inalinywa jasho hilo na haikauki, na maji hubeba joto la mwili haraka takriban mara 25 kuliko hewa. Akisimama kileleni kunywa chai, anaanza kutetemeka, analaumu theluji. Vaa nguo kadhaa nyepesi zinazopangana: ya ndani iwe ya sufu laini au ya kitambaa cha michezo, ya katikati iwe ya kushika joto, ya nje izuie upepo. Anza safari ukiwa unahisi baridi kidogo, maana robo saa ya kupanda itakupasha. Vua kabla ya kutoka jasho, vaa kabla ya kupoa.

Sasa hatari. "Watu hufa kule." Ndiyo, hufa, na atakayekuambia vinginevyo usimfuate. Novemba 1971 vijana watano wa shule moja ya Edinburgh na msaidizi wa kiongozi wao walikufa kwenye uwanda wa juu wa Cairngorm baada ya dhoruba ya theluji kuwanasa kwa usiku mbili wasifikie kibanda. Kwenye milima hiyo hiyo, kileleni Cairn Gorm, chombo cha kupima upepo kilinasa kasi ya kilomita 278 kwa saa mwezi Machi 1986. Milima ile ina mita 1,200 na zaidi, na majira ya baridi hudai kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, na shoka la barafu, na mtu aliyefundishwa kuvitumia. Theluji iliyolala kwenye mteremko wa kati ya nyuzi 30 na 45 inaweza kuporomoka na kumfunika mtu. Ndiyo maana Scottish Avalanche Information Service hutangaza kila siku hali ya theluji katika maeneo sita ya milima mikubwa, kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili.

Lakini hoja inateleza pale inapoichukua hatari ya Cairngorm na kuibandika kwenye kila kilima. Allermuir, juu ya kijiji cha Swanston, ina mita 493. Arthur's Seat, katikati ya jiji, ina 251. Vilima hivi ni vya mviringo, vina majani na kondoo, na njia zake unaziona kutoka kituo cha basi. Havikosi hatari, kwa sababu kifundo cha mguu huvunjika popote penye barafu na ukungu huficha njia popote unaposhuka, lakini hatari hiyo unaweza kuipima kabla hujatoka nyumbani. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 150 joto hupungua takriban nyuzi moja, kwa hiyo mjini kukiwa na nyuzi 3, juu Allermuir tegemea sifuri. Kisha angalia upepo, ambao una uzito kuliko theluji yenyewe: hewa ikiwa sifuri na upepo ukivuma kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kana kwamba ni nyuzi 8 chini ya sifuri. Mountain Weather Information Service hutoa utabiri wa milimani bure kila siku, na mstari wa kwanza kuusoma ni wa upepo. Ukivuma sana, baki chini, tembea msituni.

Wengine hutaja ufupi wa siku, na hapo wana haki. Desemba 21 jua la Edinburgh huchomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri. Mskoti William Naismith aliweka mwaka 1892 kanuni inayotumika mpaka leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Theluji ikiwa ya magotini, hesabu hiyo izidishe hata mara mbili. Ondoka mapema, weka tochi ya kichwani mkobani hata kama huna nia ya kuitumia, na simu uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa baridi humaliza betri haraka.

Hoja inayonigusa zaidi ni ile isemayo kwamba hakuna cha kuona: miti imepukutika, ndege wamehama, kila kitu cheupe. Hii naipinga kwa moyo wangu wote, maana ni katika theluji ndipo kilima huanza kusema kilichotokea usiku. Majani ya kiangazi hayahifadhi nyayo, ila theluji huhifadhi. Utaona alama mbili ndogo zimefuatana na mbele yake mbili kubwa: huyo ni sungura, maana anaporuka miguu yake ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele. Utaona nyayo zilizopangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka: huyo mbweha, akijua anakokwenda. Mahali pengine nyayo zote mbili hukutana, theluji imevurugwa, na mstari mmoja tu ndio unaoendelea. Milimani zaidi wako sungura wanaogeuka weupe majira ya baridi, na ndege aitwaye ptarmigan, ambaye naye hubadili rangi na ambaye vidole vyake vimefunikwa manyoya. Mwaka usio na theluji, sungura mweupe huonekana kutoka mbali dhidi ya majani ya kahawia, na tai anamwona pia.

Tazama nguzo za ua. Ukungu wenye matone yaliyopoa chini ya sifuri ukisukumwa na upepo, matone hugonga nguzo na kuganda papo hapo, na barafu hiyo hukua kuelekea kule upepo unakotoka. Mtu angedhani upepo ungeivuta iende upande wa pili. Kwa hiyo ukifika kileleni asubuhi tulivu, nguzo zinakuambia upepo wa usiku ulitoka magharibi au kaskazini. Chini yake theluji imechongwa mistari na matuta, mfano wa mchanga wa ufukweni maji yanapokupwa, na kila tuta linaeleza upepo ule ule kwa namna yake.

Na mwanga! Adhuhuri ya Desemba jua la Edinburgh halipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi juu ya upeo wa macho. Sisi tuliozoea jua la utosini, lile linalokitafuna kivuli mpaka kikaishia miguuni, hatujui kivuli kinachoweza kuwa kirefu siku nzima. Kwenye theluji vivuli huwa vya samawati, na kila bonde dogo ambalo Julai hulioni huchorwa upya. Siku nyingine hewa baridi hulala mabondeni pamoja na ukungu wake, nawe uliyepanda unatokea juu yake kwenye jua. Jua likiwa mgongoni na ukungu mbele yako, kivuli chako hutandazwa juu ya ukungu kikiwa kimezungukwa na duara za rangi. Septemba 1894 kijana C. T. R. Wilson aliyaona maajabu ya namna hii akifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya Ben Nevis, akashuka akitaka kuyatengeneza maabara. Majaribio hayo ya kuunda mawingu ndani ya chombo yalizaa kifaa kilichowaonyesha wanafizikia njia zinazopitwa na chembe ndogo kuliko atomu, na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Mtu huyu alizaliwa Glencorse, chini ya vilima hivi hivi vya Pentland, mtoto wa mfugaji kondoo. Alipanda mlima akaona kitu. Sioni kwa nini tudhani sisi hatutaona.

Gharama nitaipitia haraka. Kwa vilima vidogo unahitaji buti imara zenye soli ya meno, na buti hizo hupatikana kwenye maduka ya mitumba ya hisani kwa bei ya chini. Koti la kuzuia mvua unalo, huwezi kuishi Scotland bila hilo. Mlo ni wako: chupa ya chai ya tangawizi, chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha. Vifaa vya bei ghali ni vya milima mikubwa, na huko huendi mwaka wa kwanza.

Kuna pia madai ya upande wangu, ya tunaopenda kilima, na siyaachi yapite kwa sababu tu yananifaa. La kwanza ni kwamba matembezi haya yatakupa vitamini D. Hapana. Uingereza, tangu Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua haliwi kali kiasi cha kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Huduma ya afya ya Uingereza inawashauri wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Meza kidonge chako, kilimani nenda kwa ajili ya mwanga na mwendo, maana hata siku ya mawingu nuru ya nje ni kali mara nyingi kuliko ya taa ya sebuleni. Theluji ikikutana na jua, beba miwani ya jua. Theluji hurudisha sehemu kubwa ya mwanga machoni. La pili ni kwamba wiski kidogo hupasha mwili. Hupasha ngozi tu, kwa kuifungulia damu, na damu hiyo hurudi ndani ikiwa imepoa. La tatu ni kwamba usipofika kileleni umepoteza siku. Nan Shepherd, mwandishi wa Aberdeen ambaye sura yake iko kwenye noti ya pauni 5 ya Royal Bank of Scotland tangu 2016, aliandika kitabu kizima kuhusu Cairngorm akieleza thamani ya kuingia mlimani badala ya kukimbilia kilele. Waongozaji wa Kilimanjaro husema pole pole kila hatua, na ndio pia wanaomgeuza mgeni arudi chini anapozidiwa. Kugeuka ni sehemu ya ufundi.

Hoja ya mwisho ni watoto, na huwa inaletwa kama mhuri wa kufunga mjadala: huwezi kumpeleka mtoto kwenye theluji. Watoto wetu waliozaliwa huku tayari wanacheza kwenye theluji uani mwa shule, na wengi wao wanatushangaa. Mtoto wa kubebwa mgongoni mwache nyumbani siku za baridi kali, maana hatembei na hivyo hupoa wakati wewe unatoka jasho. Anayetembea mwenyewe mpeleke Swanston, mpite kwenye nyumba nyeupe zilizoezekwa kwa nyasi hadi mteremko wa kwanza, na msiende mbali. Beba glavu jozi mbili kwa kila mtoto, kwani jozi ya kwanza italowa ndani ya dakika kumi za kurushiana theluji. Anayepiga kelele na kukimbia yuko sawa. Akianza kunyamaza na kuacha kucheza, mpe chai, mvalishe glavu kavu, mteremke.